NYUMBA NA JAMAA: Je, Mbuzi Auzwe kwa Ajili ya Chujio la Tanki?



Juma hili barazani petu imefika barua ya mama mmoja wa mkoa wa Kagera. Ni barua ndefu, imeandikwa pande zote mbili za karatasi, na mwishoni mama ameomba tusitaje jina lake wala kigango chake. Tutamtii. Lakini shauri lake si lake peke yake. Kila mvua zinapokaribia twaulizwa jambo hili hili, kwa hiyo tumeona vema kumjibu mbele ya wote.

Mama asema hivi. Mwaka jana, baada ya kuuza kahawa, yeye na mumewe waliezeka nyumba yao kwa bati, wakaweka gata, wakanunua tanki la plastiki la lita 5,000. Siku mvua ya kwanza ilipolijaza, mama alicheka kama mtoto, maana tangu aolewe alikuwa akishuka bondeni na ndoo kichwani mara mbili kwa siku. Akadhani taabu ya maji imekwisha. Lakini mwaka huu mtoto wao wa mwisho, mwenye miaka mitatu, ameharisha mara mbili, na mara ya pili alilazwa zahanati siku mbili akitiwa maji ya mshipa. Muuguzi akauliza mtoto anywa maji gani. Mama akajibu kwa fahari: "Ya tanki." Muuguzi akauliza tena: "Mwayachuja? Mwayachemsha?" Mama akainama.

Siku ya gulio mchuuzi mmoja akamwonyesha chujio la kufunga kwenye bomba, chupa ya plastiki yenye kitu cheupe ndani mfano wa mshumaa mnene wa pamba. Bei yake yalingana na mbuzi mmoja aliyenona. Mume amekataa. Asema mvua yatoka juu, na Mungu amekwisha kuichuja. Tena mbuzi aliyeko zizini ana shughuli yake, ni sare na madaftari ya watoto mwezi wa Januari. Wamebishana, na sasa wala chakula bila kuongea. Mama auliza: "Nani kati yetu ana haki?"

Kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo, ameandika kwamba amekwisha kumpa mchuuzi arubuni kutoka fedha zake za mayai, na baba wa watoto hajui.

Haya, tulitazame shauri hili polepole, kama mtu achambuaye mchele.

Kwanza tumpe baba haki yake. Mvua ianzapo kuanguka huko juu, hasa vijijini mbali na viwanda, ni katika maji safi kuliko yote tunayoweza kupata. Katika hilo hakukosea. Lakini maji ya tanki hayakutoka mawinguni yakaingia tankini moja kwa moja. Yamepita juu ya bati. Na juu ya bati, miezi yote ya kiangazi, nani alikuwa akipita? Kunguru walitua pale, na njiwa, na mijusi, na popo usiku. Vumbi la njia lilikaa pale, na majani ya mti ulio karibu. Mvua ya kwanza yafanya kazi ya fagio: husomba vyote hivyo na kuvitia kwenye gata, na gata hutia tankini. Basi baba amesifu maji ya mawinguni, na mtoto amekunywa maji ya paani.

Mimi mwenyewe nilikuwa na mawazo ya baba huyu. Kwa miaka minne nilikunywa maji ya tanki langu bila wasiwasi. Wavu uliokuwa mdomoni mwa tanki niliuondoa kwa mkono wangu, kwa sababu ulikuwa ukiziba majani na kumwaga maji nje, nami niliona uchungu kupoteza hata kata moja. Mwaka wa nne, kiangazi kilipokuwa kirefu, koki ikaanza kukohoa na kutoa tope. Nikaliinamisha tanki ili nilioshe. Chini palikuwa na tope jeusi unene wa vidole vinne, majani ya mwembe yaliyooza, mifupa ya ndege, na mjusi aliyekuwa amelainika kama ugali. Mke wangu alitazama tope lile, kisha akanitazama mimi, asiseme neno. Afadhali angesema.

Kwa hiyo swali la kwanza limejibiwa. Uchafu upo, na sharti uzuiwe. Lakini swali la pili ndilo lenye fedha ndani yake: je, uzuiwe kwa chujio lile la bei ya mbuzi? Hapo twasema: ngojeni kwanza.

Uchafu wa tanki ni wa namna tatu, na kila namna ina mtego wake. Kuna uchafu mkubwa: majani, vijiti, wadudu, mijusi. Kuna uchafu mdogo: vumbi na mavi ya ndege yaliyolowa, ambayo hupita kwenye wavu na kugeuka tope. Tena kuna uchafu usioonekana, yaani vijidudu vya maradhi, ambavyo ni vidogo hata maji yakiwa meupe kama kioo vyaweza kuwamo. Mtu akinunua kitu kimoja akidhani kitamaliza vyote vitatu, atatoa fedha na maradhi yatabaki.

Tuanze na ule mkubwa. Mtego wake ni wavu. Wekeni wavu wa waya mahali gata inapomimina kwenye bomba, na wavu mwingine wenye matundu madogo, ule wa kuzuia mbu dirishani, katika mdomo wa tanki na katika tundu la juu linalomwaga maji yakizidi. Tundu hilo la juu husahauliwa na wengi, na mbu walijua sana. Mbu waenezao dengue, ile homa iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hupenda kutaga mayai katika maji yaliyotulia ndani ya mapipa na matanki, tena huuma mchana. Wavu ukiziba, usiuondoe kama nilivyofanya mimi. Uoshe, uurudishe. Na mti unaoinamia paa, katieni matawi.

Sasa ule uchafu mdogo. Hapa ndipo penye siri ambayo mafundi wengi hawawaambii watu, labda kwa sababu haina faida dukani. Uchafu mwingi wa paani hushuka na maji ya kwanza ya kila mvua. Basi dawa si kuuchuja, bali ni kuyatupa maji hayo kabla hayajafika tankini. Hufanywa hivi. Katika bomba litokalo kwenye gata kwenda tankini, fundi aunganishe kipande cha njia tatu, na kutoka hapo ashushe bomba lingine lililosimama wima hadi karibu na ardhi, chini yake likiwa na kifuniko cha kufungua kwa mkono. Mvua ikianza, maji ya kwanza huingia katika bomba hilo lililosimama na kulijaza, yakiwa na takataka zake zote. Likiisha kujaa, maji yanayofuata, ambayo ni masafi zaidi, hayana pa kwenda ila tankini.

Bomba liwe kubwa kiasi gani? Hesabu yake ni nyepesi, hata mtoto wa shule aweza kuwasaidia. Milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja kamili. Tuseme nyumba ina urefu wa meta 8 na upana wa meta 6: paa ni meta za mraba 48. Kutupa nusu milimeta ya kwanza ni kutupa lita 24. Bomba la plastiki la inchi nne hubeba karibu lita nane na nusu katika kila meta ya urefu wake, kwa hiyo meta tatu za bomba zatosha. Paa likiwa refu upande wa chini halifiki meta tatu, basi bomba lipindwe lilale kidogo, au yawekwe mabomba mawili. Penye vumbi jingi, tupeni zaidi.

Najua kuna mtu anayesema moyoni: "Kutupa lita 24 za maji! Huyu mwandishi hajui kiangazi." Nakijua sana. Lakini mahali penye mvua ya milimeta 800 kwa mwaka, paa lile lile lapata zaidi ya lita 38,000, na hata tukitoa zile zinazoruka na kukauka, zabaki karibu 30,000. Tanki lenu la lita 5,000 litajaa na kumwagika mara nyingi. Maji ya kwanza mnayoyatupa hayapotei. Yakingeni ndooni, yamwagieni migomba. Migomba haidhuriwi na mavi ya kunguru, huyapenda.

Ila bomba hilo lina sharti moja: lazima liwe tupu kabla ya mvua inayofuata. Likibaki limejaa, mvua ijayo itapita juu yake na kuingia tankini na uchafu wote. Kwa hiyo toboeni katika kifuniko tundu dogo, kama la msumari mwembamba, maji yatone polepole yaishe yenyewe. Na kila baada ya mvua mtoto mmoja apewe kazi ya kufungua kifuniko na kutoa tope. Iwe kazi yake, kama mwingine alivyo na kazi ya kufunga kuku. Tena mvua ya kwanza kabisa ya msimu, baada ya kiangazi kirefu, itupwe yote: ondoeni bomba tankini, mwacheni Mungu awaoshee paa.

Jambo moja zaidi. Tope dogo litakalopita hata hivyo litatua chini ya tanki lenyewe, kwa kuwa maji yakitulia uchafu hushuka. Ndiyo sababu koki yafaa kuwa juu ya sakafu ya tanki kwa upana wa kiganja, isichote tope. Na mara moja kila mwaka, mwisho wa kiangazi maji yakiwa machache, tanki lisafishwe. Jumuiya ndogo ndogo yaweza kufanya kazi hii kwa zamu: Jumamosi moja kwa nyumba hii, Jumamosi nyingine kwa nyumba ile, wakianza na nyumba za wajane na wazee. Mtu asiingie peke yake ndani ya tanki kubwa. Mwenzake asimame nje akimtazama.

Sasa turudi kwa chujio la mchuuzi. Si kusema kwamba ni udanganyifu. Mahali pake ni kwenye bomba lenye maji ya nguvu, kama mjini. Tanki lenu lililokaa chini, juu ya matofali machache, halina nguvu hiyo. Maji yatapita kwenye ule mshumaa wa pamba kwa kudondoka. Tena kitu kile cheupe kikijaa uchafu sharti kibadilishwe, na cha kubadilisha hununuliwa tena na tena. Je, gulio lenu lina cha kubadilisha? Na mbuzi wa mwaka kesho? Kisipobadilishwa, chenyewe hugeuka kuwa kiota cha uchafu, na kila tone linalopita lapita katikati ya kiota hicho. Chujio lisilotunzwa ni mlinzi aliyelala mlangoni: mwenye nyumba hulala usingizi kwa sababu yake, na mwizi huingia kwa sababu yake.

Lakini baba asije akafurahi mapema akasema, "Niliwaambia!" Maana yapo mambo mawili ya kumwambia yeye.

La kwanza ni habari ya kweli ya mji wa Hamburg, nchi ya Ujerumani. Mji huo ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Jirani yake, upande wa chini wa mto, palikuwa na mji wa Altona, ambao ulikunywa maji ya mto huo huo yakiwa yamekwisha kupokea taka za Hamburg. Kwa akili ya kawaida ungesema Altona ndiyo itakayokufa. Lakini Altona walikuwa wakipitisha maji yao polepole katika matabaka manene ya mchanga. Mwaka 1892 kipindupindu kikaingia. Hamburg walikufa watu zaidi ya 8,000 katika miezi michache. Altona waliokufa walikuwa wachache mno kuliko hao, na mpakani, ambapo barabara moja tu ilitenganisha miji, nyumba zilizopata maji ya Hamburg ziliugua na zile zilizopata maji ya Altona zikapona. Je, watu wa Hamburg hawakujua habari za mchanga? Walijua. Wakuu wao walibishana miaka mingi juu ya gharama. Mtambo wao wa mchanga ulikuja kufunguliwa mwaka 1893, baada ya mazishi.

Angalia lakini, mchanga ule haukuwa ndoo ya mchanga wa mtoni. Ni tabaka nene, maji yakipita taratibu usiku na mchana, hata juu ya mchanga kukatokea utando wenye uhai ambao hukamata vijidudu. Ndoo ya mchanga iliyotengenezwa ovyo itapunguza tope, lakini msiitegemee kwa vijidudu.

La pili ndilo kubwa. Ule uchafu wa tatu, usioonekana, bado haujapata mtego wake. Wavu hauukamati, bomba la kutupa maji ya kwanza huupunguza tu, halimalizi. Kwa hiyo maji ya kunywa, hasa ya watoto, yachemshwe hata yatokote kwa nguvu dakika moja. Wakaao milima mirefu sana wayaache dakika tatu. Asiye na kuni za kutosha aweza kutia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Au ajaze maji katika chupa za plastiki zinazopenya nuru, zisizozidi lita mbili, azilaze juani, juu ya bati, kwa saa sita mchana wa jua. Mawingu yakiwa mengi, siku mbili. Lakini dawa na jua hufanya kazi vizuri katika maji meupe tu. Katika maji yenye tope vijidudu hujificha nyuma ya tope, na dawa huliwa na uchafu. Mwaona basi: kuzuia uchafu hakumalizi kazi ya kusafisha maji, ila bila hiyo kazi haimaliziki. Kufagia nyumba si kupika, lakini nani hupika katika takataka?

Mama, hatuwezi kusema kwa hakika kwamba ni tanki lililomwuguza mtoto. Yawezekana ni mikono isiyonawa, au choo kisichofunikwa, au kikombe kinachotoka sakafuni na kuzamishwa mtungini. Bwana wetu aliwakemea Mafarisayo waliochuja kidudu kidogo wakammeza mnyama mkubwa mwenye nundu. Tusiwe kama wao, tukachuja tanki na kuacha kikombe kichafu kiingie mtungini. Mtungi uwe na kifuniko na kata yenye mpini mrefu, na sabuni iwe karibu na choo. Hayo hayagharimu mbuzi.

Sasa hukumu ya baraza. Mama ana haki kwamba maji yanahitaji kulindwa. Mtoto aliyelazwa ni shahidi wake. Baba ana haki kwamba mbuzi asiuzwe kwa kitu kisichofaa tanki lao. Sare za Januari ni shahidi wake. Wote wawili walikuwa wakitafuta heri ya watoto wale wale, ila kila mmoja alishika ncha moja ya kamba. Baba, mbuzi wako abaki zizini, lakini usibaki wewe umekaa. Nunua bomba la inchi nne, kipande cha njia tatu, kifuniko, na wavu. Mwite fundi, au panda mwenyewe kama una mkono. Ifanyike kabla mvua hazijaanza, kwa maana mwenye kungoja wingu ndipo atafute ngazi, hulowa.

Na ile arubuni, mama? Hapa siwezi kukubembeleza. Fedha za mayai ni jasho lako, na ulizitoa kwa hofu ya mtoto wako. Hakuna atakayekuita mwizi. Lakini siri ile ndogo ndani ya nyumba yafanana na mjusi yule ndani ya tanki langu. Hakuna aliyemwona, na maji yote yalipita juu yake. Usingoje mumeo aisikie kwa mchuuzi gulioni. Mwambie leo, watoto wakiisha kulala, baada ya Rozari. Kisha nendeni wote wawili kwa mchuuzi mkamwombe arubuni yenu. Akiirudisha, mmepata bei ya kifuniko na wavu. Asipoirudisha, mmejifunza kwa bei ya mayai, na tanki lenu halina kitu kilichofichwa chini.

Na wewe, baba, atakapokuambia, kumbuka nani alikuwa akishuka bondeni na ndoo miaka yote hiyo. Pokea neno lake kwa upole.

Mvua njema kwenu nyote, na Mama Maria awatunze watoto wenu. Tutaonana juma lijalo hapa hapa barazani.